Uzi: Nairobi ya kupanda na kushuka, ngazi na njia za mkato zenye ramani haina

MchapaMguu

Wasee mko salama? Huu uzi nimeuahirisha tangu Januari nikisema nitauandika nikimaliza kuzunguka, lakini naona kuzunguka hakuishi, kwa hivyo wacha nianze tu na wenye wanajua zaidi watanijazia.

Mwaka wa tatu huu, kila Jumamosi asubuhi naingia mtaani kwa miguu natafuta ngazi. Za mawe, za simiti, za matairi, zile watu wamechonga kwa jembe kwenye udongo, zile nyembamba za giza katikati ya maduka mawili River Road, na njia za mkato zinazoshuka bondeni kwa kijito alafu zinapanda ng'ambo ya pili. Nimejaza daftari mbili. Na kitu kimoja kimenikaa moyoni ndicho kimenileta hapa. Huu mji wetu ulipangwa kwa mwinuko. Wenye nguvu walijenga juu, wenye kuwafanyia kazi wakawekwa chini, na zile njia za kutoka chini kwenda juu hakuna injinia alizichora. Zilichongwa na miguu ya watu wakienda kazini saa kumi na moja asubuhi, na sa hizi zinazibwa moja moja bila mtu kuandika hata mstari kwamba zilikuwepo.

Nianze na steshoni maana mji ulianzia hapo. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika hapa mwisho wa Mei 1899. Palikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai, jina lenyewe ni lao, Enkare Nairobi, maji baridi. Watu huuliza mbona wazungu wakasimama kwenye tope hivyo na huko mbele kuna nchi nzuri. Ni kwa sababu ya mlima. Ukitoka hapa kuelekea Limuru unapanda kutoka kama mita 1,660 hadi zaidi ya 2,200 alafu ndio ushuke Bonde la Ufa, kwa hivyo walihitaji mahali pa mwisho palipo tambarare pa kuweka karakana, vyuma, kuni na watu kabla ya kuanza hiyo kazi ya mwinuko. Depo ikakaa kwa tambarare. Mabwana wa reli wakatazama magharibi wakaona kilima kina hewa na hakina mbu, wakaenda kujenga nyumba zao huko, ndiyo hii Upper Hill ya leo. Wahindi wakabaki chini na bazaar yao, ile iliyokuja kuchomwa moto 1902 kwa ajili ya tauni. Vibarua wakapewa vyumba vya safu karibu na reli vikaitwa landhies, ukipita Landhies Road kwenda Muthurwa jua unatamka neno la wakati huo.

Sasa jaribu hii siku moja. Simama steshoni saa moja asubuhi, geuka uangalie magharibi, alafu fuata watu. Usifuate ramani, fuata watu. Utaona mstari mrefu unavuka Uhuru Highway unaelekea Community na Hospitali ya Kenyatta, watu wameokoa nauli, mabegi yako mbele kwa kifua, mwendo ni ule wa mtu anajua soja wa geti anaandika saa ya kuingia. Mwinuko si mkali lakini ukifika karibu na Ardhi House mgongo una jasho. Hiyo ndiyo safari ile ile ya 1900 na kitu, chini kwenda juu, tofauti ni kwamba bangalo za reli zimebomolewa nyingi na mahali pake kuna vioo, jengo la Britam pekee ni mita 200 kwenda juu.

Nitaendelea, acha nile kwanza.

Wa_Eastlando

Buda na heshima zote lakini Nairobi ni tambarare. Mimi nimezaliwa Kaloleni nimeishi Makongeni sa hizi niko Buru, sijawahi ona kilima maisha yangu yote, ngazi yenye najua ni ya daraja la juu ya kuvuka barabara. Hivi vilima unaviona wapi?

MchapaMguu

Nimefurahi umeuliza maana umenisaidia kusema kitu. Hujaona kilima kwa sababu hamkupewa kilima. Sisemi kukuumiza, ndivyo ilivyo.

Panda KICC siku moja, lifti inakufikisha orofa ya 27 alafu unamalizia kwa ngazi mpaka juu kabisa pale helikopta inaweza kutua. (Lile jengo walichora Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe na David Mutiso wa hapa kwetu, lilimalizika 1973, na kwa maoni yangu hakuna jengo limelishinda mpaka leo.) Ukifika juu geuka mashariki. Utaona mabati na vigae vimelala sawasawa kama meza mpaka macho yachoke. Alafu geuka magharibi. Utaona miti, na chini ya miti nchi imekunjika kunjika, mgongo, bonde, mgongo, bonde, mpaka Ngong kule nyuma.

Hata udongo ni tofauti. Magharibi ni mwekundu, maji yanapita yanaenda, kahawa inakubali na bustani inakubali. Mashariki ni ule mweusi mafundi wanauita blakikotoni, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia, na fundi lazima autoe wote afike kwa mwamba ndio aanze msingi. Mkoloni alikuwa anajua udongo. Alichukua mwekundu ulioinuka akasema huu ni wa Wazungu, Parklands na Ngara zikaendea Wahindi, na Mwafrika akapelekwa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, huko maji yanakotuama. Wewe ni wa Kaloleni unajua venye mvua ya Aprili inakaa mlangoni.

Na kuna sababu nyingine watu hawaoni vilima hata wakiishi Kilimani. Mito yetu inatoka upande wa Kikuyu inashuka mashariki, Mto Nairobi wenyewe unaanzia kinamasi cha Ondiri, alafu kuna Mathare, Ngong, Kirichwa Ndogo, Kirichwa Kubwa. Kati ya mto na mto kuna mgongo, na barabara kubwa zilijengwa juu ya migongo. Ngong Road iko kwa mgongo. Waiyaki Way iko kwa mgongo. Ukiwa kwa matatu unateleza tu na mgongo hujui umepanda. Lakini mtu wa miguu anakata upande ule mwingine, anatoka mgongo mmoja anataka kufika wa pili, huyo lazima ashuke mpaka kwa maji na apande tena. Ngazi ziko hapo. Mimi nikitaka kupata ngazi mpya natafuta tu mahali mtaa wa watu wa kazi umetazamana na mtaa wa matajiri na katikati kuna kijito. Kawangware na Lavington. Kangemi na Loresho. Mathare na Muthaiga. Sijawahi kosa.

BintiWaNgara

Hapo kwa migongo umenifungua macho kabisa. Mimi nimekulia Ngara, shule nilikuwa napandia Museum Hill kwa miguu kila siku na sikuwahi kujiuliza. Kuna ile Kipande Road hapo nyuma, jina limetoka wapi? Na ile njia ya chini kando ya mto umewahi pita? Zamani tulikatazwa kabisa.

MchapaMguu

Dada karibu sana, hapo kwenu napapenda kuliko Upper Hill.

Kipande unajua ni kile kitambulisho cha kikoloni, kila mwanaume Mwafrika alikuwa anabeba kwa kijisanduku cha chuma amekivaa shingoni kama mbuzi wa kengele, ndani kuna alama za vidole na maneno ya mwajiri. Bila kipande hutembei mji. Nyumba ya Kipande yenyewe iko Kenyatta Avenue kona ya Loita, ile ya mawe yenye mnara, sa hizi ni benki. Ilijengwa 1913, aliyeichora ni Gurdit Singh, na kwa miaka mingi hakukuwa na nyumba ndefu kuliko hiyo mjini. Watu walikuwa wanapangishwa foleni hapo. Mimi nikipita nagusa lile jiwe la mlangoni kwa kiganja. Ni jiwe la kijivu la kuchongwa kwa mkono, ukiangalia kwa karibu unaona patasi ilivyopita, mistari midogo ya kulala, na kila jiwe mistari imelala kivyake kwa sababu kila fundi alikuwa na mkono wake. Sijui majina yao wale mafundi lakini mkono wao uko hapo na unaweza kuushika.

Kutoka hapo kuja kwenu Ngara kwa miguu ni historia tupu. Pitia Harry Thuku Road. Machi 1922 Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande na kodi na kazi za lazima za wanawake, watu wakajaa mbele ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe. Tarehe 16 wanaume walikuwa wameanza kurudi nyuma ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akasimama mbele akawaaibisha, akasema kama ni hivyo wampe suruali zao yeye awape nguo yake. Polisi wakafyatua. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21, na Nyanjiru alikuwa mmoja wa walioanguka. Ile hoteli kubwa ya Norfolk iliyofunguliwa Krismasi ya 1904 iko hapo hapo na ilikuwa na wazungu barazani. Mimi huwa nasimama hapo dakika kidogo, alafu naendelea kushuka.

Ukishuka mpaka mzunguko wa Globe unaukuta mto. Hiyo njia yenu ya kukatazwa sasa ni bustani ya Michuki, imepewa jina la yule waziri aliyesimamia kusafishwa kwa mto, kuna miti na vijia na watu wanakaa kula njugu. Miaka ya nyuma palikuwa takataka na harufu na watu walikuwa wanaibiwa, wazazi wako walikuwa na haki. Maji bado si ya kugusa, niseme ukweli. Lakini ukitoka hapo ukapanda kwenda makumbusho, na makumbusho yenyewe yako juu ya kilima hicho tangu 1930, unapata picha nzuri sana ya venye mji ulikuwa, mto na kinamasi chini, Ngara ng'ambo, na wewe umesimama katikati unahema.

MzeeWaReli

Vijana wangu, nimesoma hapa nimeona niongeze machache kabla sijasahau.

Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa reli huko Hill. Sisi tulikaa Muthurwa. Saa kumi na nusu usiku ametoka, taa ya chemni ameiacha kwa mama, anapanda kwa miguu, kwa sababu bwana lazima apate maji moto ya kuoga na chai saa kumi na mbili. Na hakupita barabara ya mbele. Mpishi, shamba boyi, yaya, hao wote walikuwa na njia yao ya nyuma. Nyumba zile zilikuwa na kichochoro nyuma, na hivi vichochoro vya mjini mnavyoita leni, kule nyuma ya maduka, asili yake ni watu wa ndoo. Choo kilikuwa cha ndoo, kina kimlango kidogo nyuma, mtu anakuja usiku anavuta ndoo anaenda nayo. Mkipita leni za River Road mkaona kishimo cha mraba chini ya ukuta kimezibwa kwa tofali, basi ndicho hicho.

Nikiwa mdogo baba alinipeleka mara moja. Kulikuwa na mahali panateleza sana, wapishi walikuwa wamepanga mataruma ya reli, yale ya mbao yaliyochakaa, yakawa ngazi. Nakumbuka harufu ya ile mafuta ya mataruma asubuhi ikiwa na umande. Baba alinishika mkono akaniambia hesabu ili usiogope giza. Zilikuwa 19. Huyo bwana alifaidika nazo kila siku bila kuziona, maana wakati huo alikuwa bado analala.

Mwenye uzi, endelea. Mungu akupe nguvu za miguu.

MchapaMguu

Mzee wangu nimesoma hii nikiwa kwa matatu nikashuka steji moja kabla ili nitembee kidogo. Ngazi 19 za mataruma. Nimeandika vile vile ulivyosema. Kama utaniruhusu Jumamosi moja nikuchukue tuende uniashirie tu mahali, hata kama pana jengo la orofa ishirini leo.

Na hilo la vimlango vya ndoo nimeenda nikahakikisha jana, nimepata vitatu nyuma ya River Road, kimoja kina paka amelala ndani.

River Road wacha niiseme vizuri maana watu wanaijua kwa kelele tu. Inua macho juu ya mabango ya simu na mitumba. Nyumba nyingi za zamani za Wahindi zimeandikwa mwaka na jina la mwenyewe kwenye paji, utaona 1920 na kitu, 1930 na kitu, herufi za simiti zimepakwa rangi mara ishirini. Chini ilikuwa duka, juu familia. Na katikati ya duka na duka kuna mlango usio na mlango, upana wa mabega ya mtu mmoja na nusu, ndani kuna giza, na kwenye giza kuna ngazi. Ile ninayoipenda sitasema nyumba gani kwa sababu watu wanafanya kazi huko, ni ya terazo ya kijani na nyeupe, vidato 22, na kila kidato kimelika katikati kama kijiko. Pembeni terazo bado inang'aa kama mpya. Ukiweka mguu katikati mguu unaingia wenyewe mahali pake, wala huangalii. Nilikaa hapo kwenye kidato cha nne siku moja mvua ikinyesha nikawa nasikia cherehani tano au sita juu, kila moja na mwendo wake. Fundi mmoja akashuka akaniuliza, ndugu umepotea? Nikamwambia naangalia ngazi. Akaangalia na yeye. Akasema amezipanda miaka 14 na hajawahi kuziangalia, akachuchumaa akapitisha kidole kwenye lile bonde la kidato cha nne, alafu akaenda kununua uzi.

Toka hapo vuka Moi Avenue, ilikuwa inaitwa Government Road enzi hizo, uende mpaka maktaba ya McMillan. Hizi si ngazi za kujificha lakini kwangu ndizo nzito kuliko zote. Simba wawili wa mawe, nguzo kubwa, na ngazi pana za kupanda kama unaingia hekalu. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, ikafunguliwa 1931, na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Miaka 27. Msikiti wa Jamia uko hapo hapo jirani na ulikuwa ukijengwa miaka hiyo hiyo, ulimalizika 1933, na mtu yeyote anaswali. Fikiria karani Mwafrika anayejua kusoma, anapita hapo kila jioni, anaona taa kwa dirisha na vitabu, na ngazi hazina geti, ziko wazi tu, na hawezi kuzipanda. Leo watoto wanakaa kwenye zile ngazi wanafanya homuweki na wengine wanapanda migongo ya simba. Nikiwaona nafurahi sana.

Wa_Eastlando

Nimerudi. Nilipanda KICC Jumatano. Umesema kweli, nimeona meza na nimeona mikunjo. Nimemwonyesha na mtoto wangu.

Swali, na Uhuru Park? Na usalama uko aje huko mabondeni, maana mimi siendi kuchapa mguu mahali nitavuliwa viatu.

MchapaMguu

Uhuru Park naipita haraka tu kwa sababu kila mtu anaijua, lakini ukipanda ule mteremko wake kumbuka mambo mawili. 1989 serikali ilitaka kusimamisha mnara wa orofa 60 hapo na Wangari Maathai akaandika barua na kupiga kelele mpaka wafadhili wakajitoa. Na 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo kwa pembe ya chini, wakapigwa, Maathai mwenyewe akapoteza fahamu, wakakimbilia kanisa la All Saints wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kutoka ile pembe mpaka kanisani ni kupanda kidogo tu, ukitembea taratibu hata hujamaliza kutafuna kipande cha muhogo. Itembee.

Usalama ni hivi. Naenda asubuhi, saa moja hadi saa nne, watu wa kazi wakiwa njiani. Simu iko mfukoni. Nikifika mtaa nisioujua nanunua chai na mandazi kwanza, nakaa, nauliza mama wa kibanda hii njia inatokea wapi, na mara nyingi ananipa mtoto wa kunisindikiza au ananiambia wazi leo usipite. Nikiambiwa usipite sipiti. Picha za nyumba za watu sipigi, na karibu na State House usitoe kamera hata kwa bahati mbaya. Mvua ya masika achana na mabonde kabisa, ule udongo mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Mathare mafuriko ya 2024 yalibeba watu na nyumba, alafu waliobaki kando ya mto wakabomolewa, na ngazi mbili zenye nilikuwa nimeandika kwa daftari hazipo tena. Hazikubebwa na maji peke yake. Sina la kusema zaidi hapo, bado inaniuma.

BintiWaNgara

Na yako wewe ni ipi? Umesema za watu wote.

MchapaMguu

Haya, umeniuliza na nitajibu.

Mimi ni wa Kangemi. Mama yangu alifua nguo Loresho miaka mingi, nyumba tofauti tofauti, Jumatatu kwa huyu Jumatano kwa yule. Njia yake ilikuwa inashuka nyuma ya nyumba zetu mpaka kwa kijito, kuna daraja la nguzo mbili za stima zimelazwa, alafu inapanda. Upande wetu kulikuwa na ngazi za matairi, matairi ya lori yamelazwa yamejazwa udongo na mawe. Vidato 31 kushuka. Upande wa pili ni udongo mtupu umechongwa kwa jembe, na kila baada ya mvua wenye kupita wanachonga tena, hakuna aliyeagizwa. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba jembe hapo nikiwa darasa la sita.

Mwaka jana kule juu pakaanza kujengwa apatimenti. Ukuta ukaja mpaka kwenye kijia, alafu ukapita juu ya kijia. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa, mawe yakapangwa asubuhi na jioni njia imeisha. Watu sasa wanazunguka mpaka barabara kubwa, dakika kumi na mbili zimekuwa dakika arobaini, na akina mama wengine wanalipa boda kwenda kufua nguo za shilingi mia chache. Tulienda ofisi moja kuuliza, tukaonyeshwa ramani, na kwenye ramani kweli hakuna njia. Nilikaa na hiyo ramani mbele yangu nikaangalia pale mahali ambapo mama yangu amepita miaka 20 na karatasi ni nyeupe. Daftari la kwanza nilikuwa nalo tayari. Siku hiyo ndipo nilielewa ni la nini.

MzeeWaReli

Mwanangu, mama yuko?

MchapaMguu

Yuko mzee, ana miaka 67, magoti ndiyo yanasumbua. Nimekuwa nikifikiria kumpeleka lakini naogopa ataumia akiona ukuta.

MzeeWaReli

Mpeleke.

MchapaMguu

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahani wote mlioniandikia.

Nilimpeleka Jumapili baada ya kanisa. Matairi bado yako upande wetu ingawa nyasi imeyameza, tulishuka polepole, ameshika bega langu, na nikagundua anahesabu kwa mdomo bila sauti. Tulipofika kwa kijito nilitaka kumwambia kuhusu ukuta tukae tujipange, lakini yeye hakuangalia juu hata. Alivuka ile nguzo ya stima upande wa kushoto, ule wenye chuma, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka cha matete akaanza kuyafungua kwa mikono miwili. Kulikuwa na jiwe. Mimi nimepita hapo utoto wangu wote na sikuwahi kuliona kama kitu.

Akakaa. Akaniambia hapa ndipo walikuwa wanavua viatu vya matope na kuvaa vya kazi. Kila mmoja alikuwa na viatu viwili, vya kushukia na vya kupandia, kwa sababu mwajiri akiona tope kwa geti anakurudisha nyumbani bila siku. Walikuwa wanaosha miguu kwa mkebe wa kimbo, mkebe ulikaa hapo hapo chini ya matete na hakuna mtu aliwahi kuuiba. Wa kwanza kufika anaosha, wa mwisho anafunga mkebe. Viatu vya matope vilifichwa kwa mfuko wa plastiki, kila mmoja na tawi lake, na jioni unavipata. Alitaja wenzake, mmoja mmoja, na nyumba walizofua, na nani alikuwa na mguu mkubwa, na nani alijifungua mtoto wiki moja baada ya kupanda hapo na beseni.

Alafu akavua kiatu chake cha kanisa cha kulia akaweka kisigino kwenye jiwe. Upande mmoja wa juu kuna bonde dogo laini, kama la kinu, limeoshwa na visigino. Kisigino chake kiliingia. Nilijaribu changu baada yake, kiliingia pia.

Nimepima kwa mkono, jiwe ni shubiri nne kwa tatu, bonde ni kina cha kidole gumba. Liko nje ya ukuta hatua tisa. Nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la tatu, na majina ya wale wenzake wote kama mama alivyoyataja, hayo sitayaweka hapa.

Mzee wangu, asante.

Jumamosi hii tunaanzia McMillan, kwa simba wa kushoto ukiangalia mlango, saa moja kamili. Wa_Eastlando njoo na mtoto. Tutapita River Road, Globe, tupande Museum Hill, alafu wenye nguvu tuchukue matatu hadi Kangemi tushuke bondeni. Ilinyesha jana usiku, kwa hivyo mje na viatu viwili.